Maisha ya Aldo Castellani, Daktari Aliyeisoma Ngozi

Muhula huu mhariri ametutaka tuandike habari za maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kufariki. Wenzangu wamechagua machifu na wasafiri. Mimi nimemchagua daktari mmoja Mtaliani, na najua wengi mtajiuliza Mtaliani huyo ana uhusiano gani na kijana wa Mtwara. Basi kabla ya kuanza habari zake, sina budi kueleza jinsi nilivyolijua jina lake, maana nililijua kwa sababu ya bibi yangu.

Bibi, yaani mama yake mama, anakaa Msimbati, karibu na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini. Muundi wa mguu wake wa kulia umepinda kwa mbele kama upanga, na juu yake pana kovu pana lenye ngozi nyembamba iliyong'aa. Tangu tulipokuwa wadogo alikuwa akitueleza kwamba kovu hilo ni la buba, aliyougua alipokuwa msichana mdogo, na kwamba alipona kwa sindano moja aliyodungwa chini ya mwembe, watoto wa kijiji wakiwa wamepangwa mstari na kila mmoja akilia kwa zamu yake.

Mwaka juzi Bibi alitakiwa kupasuliwa mtoto wa jicho, na kwanza akapelekwa kwenye kituo kimoja cha afya kupimwa damu. Majibu yalipotoka, akaambiwa mbele ya watu waliokaa bencini kwamba ana kaswende. Fikirini jambo hilo: mama mzee wa miaka zaidi ya sabini, mjane wa siku nyingi! Habari ilifika kijijini kabla yeye mwenyewe hajashuka garini. Kwa muda wa mwezi mzima hakwenda arusini wala matangani, na jicho lake akaliacha vile vile.

Mjomba hakuridhika. Akamleta mjini kwa daktari mwingine, nami nikawasindikiza. Daktari huyo hakuanza na karatasi ya majibu. Alimwomba Bibi anyoshe mguu, akaupapasa ule muundi, akalitazama kovu kwa makini, akamwuliza aliugua akiwa na umri gani, na kama watoto wenzake pale kijijini waliugua pia. Kisha akatueleza kwamba kijidudu cha buba na kijidudu cha kaswende ni ndugu wa karibu sana, hata kipimo cha damu hakiwezi kuwatenganisha. Na tena alama waliyoiacha katika damu yaweza kubaki maisha yote, ijapokuwa mgonjwa amekwisha kupona. Akampa sindano kwa tahadhari tu, lakini kwa dalili zote alizoziona, ugonjwa wa Bibi ulikuwa ni buba ya utotoni. Tulipokuwa tukiaga nilimwuliza ni nani aliyekigundua kijidudu hicho cha buba. Akanitajia jina la Aldo Castellani. Shule ilipofunguliwa nikamwendea mwalimu wetu wa bayolojia, tukatafuta pamoja, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Aldo Castellani alizaliwa mwaka 1874 katika mji wa Florence, nchini Italia. Alisoma udaktari katika mji huo huo na akahitimu mwaka 1899. Baada ya hapo alikwenda Bonn, Ujerumani, kujifunza elimu ya bakteria. Huko, akiwa bado kijana, alitengeneza njia ya kutofautisha katika damu bakteria zinazofanana sana, ambazo watu walikuwa wakizichanganya. Kazi hiyo ilijulikana mwaka 1902. Naona kama ndiyo iliyoonyesha mwelekeo wa maisha yake, maana kipaji chake kikubwa kilikuwa ni hicho: kuvitazama vitu viwili ambavyo wengine huviona kuwa kimoja, na kuonyesha kuwa ni viwili.

Kutoka Bonn alikwenda London, kwenye shule ya magonjwa ya nchi za joto, akawa chini ya daktari mkubwa Patrick Manson. Siku zile habari za kutisha zilikuwa zikifika kutoka Uganda. Kando ya ziwa Victoria na katika visiwa vyake watu walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa malale. Mgonjwa alianza kwa homa na maumivu ya kichwa, tezi za shingo zikavimba, kisha akawa anasinzia mchana, akakonda, na mwisho akafa. Inakisiwa kwamba kati ya mwaka 1900 na 1920 watu zaidi ya 200,000 walikufa huko Uganda. Hakuna aliyejua sababu yake. Basi mwaka 1902 chama cha wataalamu wa Uingereza, Royal Society, kikatuma madaktari watatu: George Low, Cuthbert Christy na Castellani. Wakapita Mombasa, wakaenda kwa reli mpaka ziwani, na kazi yao wakaifanyia Entebbe.

Mwanzoni Castellani alikosea. Katika miili ya wagonjwa alikuta bakteria za mviringo zilizoshikana kama shanga uzini, akadhani amekipata kisa cha malale. Lakini hakuacha kutazama. Mwezi wa Novemba mwaka 1902, alipokuwa akipima kwa hadubini maji yaliyotolewa katika uti wa mgongo wa mgonjwa, aliona kijidudu chembamba kikijipinda na kuogelea kama mkunga. Baadaye akakiona tena kwa wagonjwa wengine. Mwaka uliofuata daktari David Bruce akafika Entebbe, Castellani akamweleza aliyoyaona, na katika kazi iliyoendelea baada yake ikathibitishwa kwamba kijidudu hicho ndicho kinacholeta malale, na kwamba mbung'o ndiye anayekichukua kutoka kwa mtu hata mtu. Ni nani hasa astahiliye sifa ya ugunduzi huo? Jambo hilo liliwagombanisha wakubwa kwa miaka mingi. Mimi najifunza hapa jambo moja tu: kwamba mtu aliyekuwa amekwisha kutoa jibu lake hakuona haya kulitupa alipoona ushahidi mwingine.

Mwaka 1903 Castellani aliondoka Uganda, akaajiriwa na serikali ya kisiwa cha Ceylon, ambacho leo kinaitwa Sri Lanka. Alikaa mji wa Colombo zaidi ya miaka kumi, na huko ndiko alikofanya kazi inayomhusu Bibi.

Buba ulikuwa ugonjwa wa watoto maskini wa nchi za joto na mvua, tangu visiwa vya bahari ya Pasifiki mpaka pwani yetu. Haukuwa ugonjwa wa zinaa. Mtoto aliupata kwa kugusana ngozi kwa ngozi na mwenzake mwenye kidonda. Huanza kwa uvimbe mmoja, aghalabu mguuni, unaokua na kuota vijinundu vyekundu mithili ya tunda la forosadi, wenye gamba la manjano juu yake. Hauumi sana. Baada ya majuma au miezi, vivimbe vingine vingi hutokea mwilini. Nyayo huweza kuwa nene na kupasuka hata mtoto akatembea kwa upande kama kaa. Asipotibiwa, baada ya miaka ugonjwa huingia mifupani, muundi ukapinda, na pengine hata pua huliwa.

Mapema mwaka 1905, wataalamu wawili wa Ujerumani, Schaudinn na Hoffmann, walikiona kijidudu cha kaswende, chembamba na kilichojisokota kama parafujo. Mwaka huo huo, kule Colombo, Castellani alichukua maji ya vidonda vya buba, akayatia chini ya hadubini, na tazama, parafujo ile ile! Mtu mwenye haraka angesema mara moja kwamba buba na kaswende ni ugonjwa mmoja, na kweli walikuwako madaktari waliosema hivyo. Castellani alifanya majaribio kwa kima. Aliona kwamba kima aliyekwisha kuugua mmoja wa magonjwa hayo aliweza bado kushikwa na wa pili. Kwa hiyo, ijapokuwa vijidudu vyake ni ndugu, magonjwa ni mawili, na njia zake za kuambukiza ni mbili. Kwa maneno mengine, mtoto mwenye buba hana aibu yoyote ya kuulizwa, wala mama yake, wala baba yake.

Wataalamu wa siku hizi wamevichunguza vijidudu hivyo kwa undani zaidi, nao wameona kwamba udugu wao ni wa karibu kuliko ilivyodhaniwa. Ndiyo sababu kipimo cha damu huvichanganya mpaka leo, na ndiyo sababu daktari hana budi kuutazama mwili na kuuliza habari za mgonjwa. Habari za matibabu nazo ni za kufurahisha. Katika miaka ya 1920 watu wa Tanganyika walikuwa wakitembea mwendo mrefu kwenda kudungwa sindano za buba. Kisha ikaja penisilini, na kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walisaidia kutibu watu wapatao milioni 50 katika nchi nyingi. Buba ikapungua mno, hata wengi wetu tuliozaliwa juzi hatujapata kuiona. Tangu mwaka 2012 imejulikana kwamba hata dozi moja ya vidonge vya azithromaisini hutosha kuiponya.

Huko Colombo Castellani hakuangalia buba peke yake. Alikwangua magamba ya ngozi za wagonjwa, akang'oa nywele zao moja moja, akavipima na kuvikuza, akaonyesha kwamba magonjwa mengi ambayo watu waliyaita kwa jina moja yalikuwa mbalimbali, na mengi yaliletwa na fangasi. Aliandika habari za mba inayofanya mabaka mepesi ya manjano juu ya ngozi nyeusi. Aliandika pia habari za vinundu vya manjano, vyekundu au vyeusi vinavyoshika nywele za kwapani, ambavyo leo tunajua vinaletwa na bakteria. Pamoja na daktari Albert Chalmers alitunga kitabu kikubwa cha magonjwa ya nchi za joto, kilichotolewa kwanza mwaka 1910, na katika chapa yake ya tatu ya mwaka 1919 kilikuwa na kurasa zaidi ya 2,000. Baadaye alitengeneza dawa ya maji yenye rangi nyekundu ya zambarau, ya kupaka mahali penye fangasi, hasa katikati ya vidole vya miguu. Dawa hiyo inaitwa kwa jina lake hata leo.

Mwalimu wetu alinionyesha kwamba elimu hii inatufaa sisi wenyewe bwenini, maana mara nyingi twacheka ngozi ya mwenzetu bila ya kujua tunachokiona. Naomba niwaelezeni machache aliyonifundisha.

Mapunye hushika kichwa, hasa cha mtoto. Hufanya duara lenye magamba, na nywele za mahali hapo hukatika karibu na ngozi hata zikaonekana kama vitone vyeusi. Mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi, kwa kuwa fangasi imeingia katika mzizi wa unywele. Mgonjwa huhitaji vidonge kutoka kwa daktari. Choa ya mwilini hufanya pete: ukingo wake umeinuka na una magamba, na katikati pamepoa. Nayo huwasha. Mba ya mwilini hukaa kifuani, mgongoni na shingoni, hasa wakati wa joto na jasho. Ukiikwaruza kidogo kwa ukucha, hutoa unga mwembamba. Upele huwasha zaidi usiku, na vipele vyake hupenda kukaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni. Ukiona wawili watatu wa chumba kimoja wanajikuna usiku, fikiri upele. Hapo lazima wote watibiwe siku moja, nguo na mashuka yafuliwe, la sivyo utazunguka kama mpira kutoka kitanda hata kitanda.

Liko baka moja ambalo ni lazima mlijue kuliko yote. Hilo ni baka lililopauka au lenye wekundu, lisilowasha, na ambalo mwenyewe akiguswa kwa unyoya wa kuku au uzi wa pamba, huku amefumba macho, hahisi kitu. Hiyo ni dalili ya ukoma. Mba yahisi, choa yahisi, lakini baka la ukoma aghalabu halihisi, kwa kuwa ugonjwa umeshika mishipa ya fahamu. Mwenye baka kama hilo asifichwe wala asifukuzwe. Apelekwe hospitali upesi, kwa kuwa dawa yake hutolewa bure, inaponya kabisa, na akiwahi hatapata kilema.

Sasa narudi kwa Castellani, na hapa napenda kuwaambieni kweli yote, maana haifai kuandika maisha ya mtu kwa kuficha upande mmoja. Baada ya Ceylon alipata sifa nyingi. Alifundisha na kutibu London, akafundisha pia New Orleans huko Marekani na Roma kwao. Mwaka 1928 mfalme wa Uingereza alimpa cheo cha heshima. Akawa daktari wa wafalme na wakubwa, na miongoni mwa wakubwa hao alikuwa Mussolini, mtawala wa Italia. Mwezi wa Oktoba mwaka 1935 Mussolini alipeleka majeshi yake kuivamia Ethiopia, na Castellani akawa mkuu wa mambo yote ya afya ya majeshi hayo. Alifanya kazi yake kwa ustadi, akasifiwa kwa jinsi askari wachache wa Italia walivyokufa kwa maradhi. Akapewa cheo kilichobeba jina la Kismayu, mji wa pwani ya Waswahili upande wa kaskazini.

Lakini katika vita hivyo hivyo ndege za Italia zilimwaga gesi ya haradali juu ya Waethiopia, askari na raia. Gesi hiyo hukaa katika majani na maji, na mtu akiigusa, ngozi yake hufanya malengelenge makubwa, ikachubuka na kuungua, na macho hupofuka. Italia ilikuwa imekwisha kutia sahihi mapatano ya Geneva ya mwaka 1925 yaliyokataza silaha hiyo. Wakubwa wake walikana kwa miaka mingi, na serikali ya Italia haikukiri rasmi mpaka mwaka 1996. Mimi nilipofika hapo katika kusoma nilifunga kitabu. Huyu alikuwa mtu aliyejua ngozi ya Mwafrika na ya Mwasia kuliko karibu madaktari wote wa zama zake, aliyeweza kutofautisha doa na doa. Naye akatumikia jeshi lililoichoma ngozi hiyo hiyo, kisha akapokea nishani. Niliporudi kwa mwalimu wangu kumwuliza kama nimwache nichague mtu mwingine, alinishauri niandike yote mawili, na niwaachie wasomaji wapime.

Baada ya vita kuu ya pili ufalme wa Italia ulikwisha mwaka 1946. Castellani alifuatana na jamaa ya mfalme katika uhamisho wao Ureno. Mwaka 1960 alitoa kitabu cha maisha yake, na mwaka 1971 akafariki katika mji wa Lisbon, akiwa mzee wa miaka zaidi ya tisini.

Wakati wa likizo nilikwenda Msimbati kumweleza Bibi habari hizi zote. Alinisikiliza huku akichambua mboga. Nilipomweleza juu ya kima na parafujo alicheka sana. Nilipomweleza juu ya gesi ya Ethiopia alinyamaza, halafu akauliza kama daktari huyo alikuwa na wajukuu. Sikuwa na jibu. Juma lililofuata mjomba alimpeleka akapasuliwa jicho lake, na siku hizi anaiona bahari mpaka ng'ambo ya maji.

Basi ndugu zangu, haya ndiyo niliyoyapata katika maisha ya Aldo Castellani. Kwanza, tutazame vizuri kabla ya kuupa ugonjwa jina, maana jina la ugonjwa likitamkwa kwa haraka huweza kumwumiza mtu kuliko ugonjwa wenyewe. Na hata lile jina likiwa la kweli, liwe kaswende au ukoma, hayo ni magonjwa yenye dawa, na siri yake ni ya mgonjwa, si ya benchi zima. Pili, macho yaonayo doa hayatoshi, kama hayamwoni mtu mwenye ngozi hiyo. Muhula ujao mkimwona mwenzenu ana duara kichwani au baka mgongoni, msimcheke na msimkimbie. Mtazameni, mwulizeni, kisha mwongozaneni naye mpaka hospitali.